Paje: Shamba Lililo Baharini
Tulifika Paje, mwambao wa mashariki wa Unguja, bahari ikiwa imekupwa. Akina mama waliinama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti. Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989. Kama karafuu katika karne ya 19, nacho kilikuja kikiwa kigeni. Leo maji ya ufukweni yamezidi joto, na kotonii, mwani wenye bei bora, hufa. Penye kina pana nafuu, lakini hapafikiki bila ya chombo na ujuzi wa kuogelea.

Bibi mmoja alituuliza: "Wanangu, kwenye makongamano ya mazao mapya, nani hutusemea?"

Tulinyamaza. Enyi waandaaji wa makongamano yajayo, waiteni wakulima hawa. Shura bila ya mwenye shamba haijatimia.