Zulia la Ukumbini

Februari 2021 baridi kali ilipasua mabomba ya maji huku Texas, na dari ya ukumbi wa usharika wetu ikaanguka. Mkaguzi wa kampuni ya bima alikadiria hasara ndogo mno. Wazee wa kanisa wakaamua tumwajiri mkadiria hasara wa kwetu, mwenye leseni, ambaye kwa sheria ya huku ujira wake hauzidi asilimia 10 ya fidia. Alipima kila ukuta, kisha akauliza, "Na zulia hili, Mchungaji, ni maji haya?"

Lilikuwa limeoza tangu mwaka uliotangulia. Wiki hiyohiyo vijana wa kipaimara walikuwa wamenikariria amri ya nane. Nilinyamaza, tena kwa muda mrefu.

"Hapana."

Akalifuta. Fidia ilitosha dari na kuta, zulia tulichangishana.