Kutoka Mpango wa Nguvukazi hadi Lengo la Mtu Binafsi: Kumbukumbu za Usomaji Mlimani

Katika Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980, swali la mwanafunzi wa chuo kikuu atafanya kazi gani baada ya kuhitimu lilijibiwa na Serikali kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kujiuliza. Jibu lilitoka katika mpango wa nguvukazi, yaani makadirio ya idadi ya walimu, wahandisi, madaktari na wachumi ambao taifa lingewahitaji kwa kipindi fulani, na makadirio hayo ndiyo yaliyoongoza ugawaji wa nafasi vitivoni na upangaji wa wahitimu kazini. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyeingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, katika kipindi hicho akiwa binti aliyetoka moja kwa moja Kidato cha Sita na Jeshi la Kujenga Taifa, hakumbuki kuulizwa na mhadhiri yeyote anataka kuwa nani, na swali hilo lingeonekana la ajabu, kwa kuwa barua ya kupangiwa kazi ilingojewa kwa uhakika uleule wa matokeo ya mtihani.

Utaratibu huo ulizaa namna yake ya kusoma. Mwaka wa masomo ulikuwa na mihula mitatu na mitihani mikuu ilifanyika mwishoni, hivyo, ingawa insha na majaribio ya katikati yalikuwepo, wengi waliotoka shuleni walilegea kwa miezi kadhaa kisha wakakesha wiki za mwisho, jambo ambalo lugha ya wanafunzi hulitaja kuwa ni kupiga msuli. Vitabu vilikuwa haba, kwani fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kitabu kimoja cha lazima kiliweza kugombewa na darasa zima, kikiazimwa kwa saa chache tu.

Hata hivyo, darasani walikuwamo watu waliosoma kwa namna nyingine kabisa. Azimio la Musoma, lililopitishwa na TANU mnamo Novemba 1974, lilikuwa limeagiza kwamba mhitimu wa Kidato cha Sita asiende chuo kikuu kabla ya kulitumikia taifa jeshini na kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 2, naye apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Wanawake waliondolewa sharti la kazi kabla ya muongo huo kwisha, baada ya idadi yao chuoni kushuka, na ndiyo maana mwandishi alijikuta ameketi pamoja na wanaume waliokwisha kuwa walimu wa shule za msingi, makarani wa benki na maofisa wa ushirika, wengine wakiwa na wake na watoto nyumbani. Sharti la mapendekezo ya chama lilikuwa na kasoro zake, kwa sababu lilimpa kiongozi wa tawi mamlaka juu ya elimu ya mtu asiyempenda, lakini mazoea ya watu wale ya kusoma yalistahili kuigwa. Waliamka saa kumi alfajiri kana kwamba bado wana zamu, wakasoma kurasa chache kila siku pasipo kungoja kutangaziwa jaribio, na waliuliza maswali yaliyotoka kazini: aliyewahi kupima pamba ya wakulima hakusoma nadharia ya bei kama somo la kukariri, bali alitafuta ndani yake sababu ya mkulima kuchelewa kulipwa. Nao pia walikuwa wamepangiwa maisha na Serikali, lakini walikuwa wanaijua kazi, na kuijua kazi ndiko kulikowapa ratiba.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1990, mwandishi akiwa sasa upande wa wafundishao. Serikali ilianza kupunguza watumishi wake, mhitimu akakoma kuwa na uhakika wa ajira, na sera ya kuchangia gharama, yaani mwanafunzi na familia yake kubeba sehemu ya malipo ya masomo, ikaingia hatua kwa hatua, hadi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoundwa kwa sheria ya 2004. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ikawa deni la kulipwa baadaye, na lengo la kazi, lililokuwa hesabu ya Serikali, likawa mzigo wa kijana mwenye umri wa miaka ishirini. Ni haki kusema kwamba vyuo vilimkabidhi mzigo huo bila kumfundisha namna ya kuubeba.

Kilichobadilisha mazoea ya kila siku kilikuwa mfumo wa mihula miwili, ambamo kila muhula una mitihani yake, na alama za kazi za darasani, kwa kawaida 40 kati ya 100, huhesabiwa katika matokeo. Mwanafunzi wa leo hawezi kulegea hadi mwishoni. Vimbweta, yaani viti na meza za saruji zilizotapakaa chini ya miti ya Mlimani, hujaa tangu wiki za mwanzo. Lakini kinachosomwa pale mara nyingi ni madesa, nukuu zilizorudufiwa na kurithishwa, ambazo hutosha kumwokoa mtu asidisko, maana yake asiondolewe chuoni kwa kufeli, lakini hazimwelekezi popote. Uthabiti umepatikana, ila ni uthabiti wa kalenda ya majaribio, na kalenda ikiisha nao huisha.

Mahali panapokaribia kurudisha faida ya wale wanafunzi watu wazima ni mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi, ambayo humpeleka mwanafunzi kiwandani, shuleni au ofisini kwa wiki kadhaa wakati wa likizo ndefu. Ripoti zake husahihishwa, hupewa alama, kisha hufungiwa kabatini. Vitivo vingefanya vema kuzifungua tena mwanzoni mwa mwaka unaofuata na kumtaka kila mwanafunzi aeleze ni swali gani alilotoka nalo huko na ni somo gani la mwaka huo litakalomsaidia kulijibu.