Mtoto Asomeshwe Pale Alipofika

Wiki hii twapenda kuzungumza na wazazi, khasa akina mama, juu ya jambo lililotushughulisha miaka mingi tukisomesha watoto katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Nalo ni hili: watoto wenye umri mmoja huketi chumba kimoja, wakafunguliwa kitabu kimoja, kumbe kila mmoja yuko mahali pake mbali na mwenziwe.

Kila likizo ya Agosti sisi hufungua darasa la kusoma katika chumba kilichoungana na msikiti. Watoto hutujia kutoka Majengo, Shauri Moyo na Eastleigh, na wengine hupanda matatu kutoka Umoja na Kayole. Nyumbani huyu azungumza Kisomali, yule Kiborana, na wengi Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Ukiwapanga kwa gredi zao za shule utadhani umewapanga sawa. Lakini mpe kila mmoja ukurasa, umsikilize peke yake. Wa kwanza asoma hadithi nzima akacheka panapochekesha. Wa pili asoma neno moja moja, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake. Wa tatu ajua ba, be, bi, bo, bu, ila hajui kuziunganisha zikawa neno. Wa nne amehifadhi juzuu kadhaa moyoni, na sauti yake yaliza watu. Lakini ukimfunulia ukurasa asiouhifadhi, hunyamaza.

Mwalimu akiwapa wote hawa somo moja, amsomesha nani? Uji wa mtoto haumshibishi mkubwa, na nyama ya mkubwa humkaba mtoto. Aghalabu mwalimu humfuata anayejibu haraka, maana ndiye anayempa moyo wa kuendelea. Mwenye kukwama hujifunza ilimu nyingine kabisa: ilimu ya kujificha. Hujua kufungua mdomo wenziwe wanaposoma kwa pamoja, na hujua kukaa nyuma ya mtoto mrefu.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika chuo, watoto wote waliketi jamvi moja, lakini kila mmoja alikuwa na sabaki yake. Huyu yuko kwenye alifu, huyu Juzuu Amma, na yule karibu na kuhitimu. Maalim alimwita mmoja mmoja, akamsikiliza, aliyeweza aliongezewa, na asiyeweza aliambiwa, "Bado, rudia." Wakubwa waliwashika mkono wadogo. Hakuna aliyeulizwa ana miaka mingapi. Kuwapanga watoto kwa umri, wote wakageuza ukurasa siku moja, ni desturi iliyotujia na shule. Hata hivyo, chuo nacho kina udhaifu wake, na haki ni kuutaja: mtoto huweza kuzihifadhi sauti kwa masikio bila macho yake kuzitambua herufi. Huyo amebeba amana tukufu, lakini hajawa msomaji.

Wenye kuchunguza mambo ya elimu nao wameyaona haya hapa kwetu Kenya. Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa ya kwanza yalifurika. Mwaka 2005, magharibi mwa nchi, shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza ili kila darasa ligawanywe mawili. Katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao, na katika zilizobaki waligawanywa bila kuangalia kiwango. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto waliogawanywa kwa kiwango walikuwa mbele, wenye nguvu na dhaifu pia. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2011. Faida, kwa maelezo yao, haikutokana na kuwatenga wanyonge, bali mwalimu aliweza kusomesha kinachowafaa wale walio mbele yake.

Nao mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009, ulipita nyumba kwa nyumba katika Kenya, Tanzania na Uganda kuwapima watoto kwa kazi ya darasa la pili. Mara kwa mara uliwakuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi fupi ya darasa hilo. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi: silabi, neno, aya, hadithi. Nchini India shirika la Pratham limezitumia ngazi kama hizo kwa muda mrefu, likiwakusanya watoto kwa sehemu ya siku kwa kadiri ya ngazi zao, bila kutazama umri wala darasa.

Yote haya ni mepesi kuyasema. Uzito uko katika heshima ya mtoto.

Likizo moja alitujia mvulana wa gredi ya tano, mwenye miaka kumi na mmoja. Tulipomsikiliza faraghani tukamkuta kwenye silabi. Siku ya pili mamake alikuja, amejifunga leso, uso umekunjamana. Akasema, "Maalim, mwanangu ni mkubwa. Mukimweka na watoto wa chekechea, mtaani atauweka wapi uso wake? Na mbona nyumbani asoma? Mimi sikujaaliwa kusoma, yeye ndiye hunisomea jumbe zote za shule kwenye simu."

Tukamwambia, "Mama, twakuomba siku moja tu." Hatukuona vyema kumfunua mtoto mbele ya mzazi wake. Tulimwita mvulana baada ya Laasiri, tukamwambia tuliyoyaona, na kwamba mwenye haki ya kumwambia mamake ni yeye mwenyewe. Alilia kidogo, kisha akaenda akamwambia. Jumbe zile alikuwa akizikisia. Alitambua neno moja au mawili, akayaunga na yale aliyoyasikia shuleni, yaliyobaki akayatunga. Hivyo ndivyo mamake alivyoukosa mkutano wa wazazi, na ndivyo salio la ada ya mitihani lilivyomfikia akiwa hana habari.

Mama aliporudi hakuwa na hasira. Alikaa kitambo, akasema, "Kumbe sote wawili tulikuwa twasikizana tu." Kisha akatoa sharti: mwanawe asomeshwe, lakini asiketishwe na wadogo. Tuliliona ni sharti la haki. Walikuwapo watoto wengine watatu wa umri wake wenye shida ile ile, tukawakusanya wakawa na saa yao baada ya Laasiri, wadogo wakiwa wamekwenda zao.

Mambo ya namna hii ndiyo yaliyotuwekea taratibu tunazozifuata hata leo. Mtoto hupimwa peke yake, kamwe si mbele ya wenziwe. Makundi hayaitwi la kwanza na la mwisho. Huyaita kwa majina ya miti, mkungu, mkoko na mkwaju. Kila baada ya wiki mbili twawasikiliza upya, na aliyepanda ngazi huhama, kwani kundi asilotoka mtoto hugeuka kifungo. Kukaa makundini ni kwa saa moja tu. Baada yake wote hurudi jamvini, tukawasomea hadithi kwa sauti, na aliye kwenye silabi huchangia maana sawa na aliye kwenye vitabu. Wakubwa huwasaidia wadogo, lakini hawanyimwi somo lao kwa sababu ya kusaidia.

Yule mvulana likizo ilipokwisha alikuwa asoma aya, polepole, kidole kikifuata mstari. Hadithi ilikuwa bado yamshinda. Shule ikafunguliwa, na huko vitabu vya gredi ya tano havikumngoja. Hatuwezi kusema kwamba shida yake iliisha. Twaweza kusema kwamba iliacha kuwa siri, na mtoto ambaye shida yake si siri huweza kusaidiwa.

Kwa hiyo, mama mpenzi, usingoje ripoti ya shule ikueleze. Chukua kitabu cha Kiswahili cha gredi ya pili, mchague mwanao aya asiyoihifadhi, aisome, kisha akueleze imesema nini. Akiweza, mpe hadithi. Asipoweza, mwandikie maneno kumi ya nyumbani, kama maji, kuku, sahani, mlango. Nayo yakimshinda, shuka kwenye silabi, wala usikasirike. Kiswahili chetu kina rehema kubwa: irabu ni tano, na kila moja haibadili sauti yake. Mwenye kuzishika silabi na kuzizoea zile ngumu, kama za mbwa, nywele na ng'ombe, hana neno asiloweza kulitamka. Robo saa kila siku baada ya Magharibi, simu imewekwa kando, hufanya kazi kubwa kuliko saa tatu za Jumamosi moja.

Na wewe ambaye hukujaaliwa kusoma, usidhani huna kipimo. Mpe mwanao ujumbe mmoja akusomee leo, na ujumbe ule ule akusomee tena keshokutwa. Msomaji atarudia maneno yale yale. Mwenye kukisia atabadilisha. Ukimgundua, usimwite mwongo. Jua kwamba amekuwa akibeba mzigo peke yake, na mweleze mwalimu wake.

Wala usimlinganishe na ndugu yake. Imethibiti katika hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba aliye mahiri wa Qur'ani ana daraja yake tukufu, na anayeisoma kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Tazama jinsi mwenye kukwama alivyohesabiwa: hakufukuzwa jamvini, taabu yake imeandikiwa thawabu. Ikiwa Mola wake amemkubali na kukwama kwake, sisi tuna hoja gani ya kumcheka?

Twamuomba Allah awafungulie watoto wetu milango ya ilimu yenye manufaa, awape subira wazazi na walimu wao. Wabillahi tawfiq.