Tonge la Wali katika Kapu la Matunda



Mhariri wetu aliponiomba niandike machache kwa toleo la mwezi huu, nadhani alitaraji nitaandika juu ya ngeli za Kiswahili, au juu ya watoto wetu waliosahau kuamkia wakubwa. Hayo nimekwisha kuyasema mara nyingi, na waliotaka kusikia wamesikia. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya katuni. Najua wapo watakaotabasamu: mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu, na katuni! Hata mimi, mwaka juzi, ningetabasamu.

Jumamosi moja nilikuwa jikoni nikikaanga sambusa. Mjukuu wangu wa miaka 14 alikuwa ukumbini na mashoga zake wawili, wakizungumza kwa Kiingereza chao kilichochanganyika na Kiswahili cha nyumbani. Mara sauti zikapanda. Nikamsikia mmoja akisema, "Hamfai kabisa! Yule ana hasira, atamtesa." Wa pili akajibu, "Wewe unampenda mwenzake kwa sababu ni mpole na ana sura nzuri tu. Huyu mwenye hasira ndiye anayemjua." Mjukuu wangu akakata maneno: "Akiolewa na huyo mpole, mimi simo."

Nikazima jiko. Nikadhani katika jamaa zetu pana binti aliyeposwa na watu wawili, na kwamba habari hizo zimewafikia watoto kabla ya kunifikia mimi. Nikatoka na kijiko mkononi, nikauliza, "Nani huyo anayeolewa?" Wakatazamana, wakaangua kicheko. Bibi harusi aliitwa Tohru Honda, wa Japani, na alikuwa amechorwa.

Mama yake mtoto, yaani binti yangu, alipokuja kumchukua jioni ile na kuhadithiwa kisa hiki, hakucheka. Alisema, "Mama, mnyang'anye hiyo simu. Hawajamaliza shule, wanazungumza habari za waume." Kisha akaniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nizungumze na mtoto. Nikamwambia kwamba mwalimu hasahihishi daftari asilolisoma. Nikaomba nipewe muda niitazame hiyo katuni yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyotumia majira yangu ya baridi: kila Ijumaa usiku, mimi na mjukuu wangu chini ya blanketi moja, tukatazama sehemu zote 63.

Hadithi hiyo huitwa Fruits Basket. Mtungaji wake ni mwanamke, Natsuki Takaya, naye aliitoa kwanza katika vitabu vya picha, ambavyo Wajapani huviita manga, kuanzia mwaka 1998 hadi 2006. Ikatimia juzuu 23. Katuni ya kwanza ilitengenezwa mwaka 2001, ikakoma njiani kwa sababu vitabu vilikuwa bado havijaisha. Ile niliyoitazama mimi ilitengenezwa upya kati ya mwaka 2019 na 2021, na imekwenda hadi mwisho wa kisa.

Tohru ni msichana wa sekondari aliyefiwa na wazazi wake wote wawili. Anaishi katika hema porini, anafanya kazi ya kusafisha ofisi jioni, na asubuhi anakwenda shule bila kumwambia mtu. Hatimaye anapokewa na jamaa wa ukoo mmoja mkubwa uitwao Sohma. Ukoo huo una laana: baadhi yao, wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine asiyekuwa mwenzao, hugeuka wanyama. Mjukuu wangu alinitazama kwa pembe ya jicho akasema, "Bibi, hawa wamelazimishwa adabu." Tukacheka sana usiku ule.

Wanyama hao ni wale 12 ambao Wajapani, kama Wachina, huwapa miaka majina yao. Katika ngano yao wanyama walialikwa karamuni, na panya akamdanganya paka kwamba karamu ni kesho yake. Paka akalala, karamu ikampita, akakosa mahali miongoni mwa wenzake. Basi katika ukoo wa Sohma yumo kijana mwenye laana ya panya, Yuki, na kijana mwenye laana ya paka, Kyo. Yuki ni mpole, ana akili, na shuleni wasichana humwita mwana wa mfalme. Kyo ana hasira, anagombana na kila mtu, na jamaa zake wamekwisha kuamua kwamba akimaliza shule atafungiwa katika chumba peke yake maisha yake yote, kama paka wote waliomtangulia. Hao ndio wachumba wawili niliowasikia wakipimwa ukumbini mwangu.

Kumbe kupima huko ni desturi kubwa miongoni mwa vijana wanaopenda katuni hizi, dunia nzima. Kila mmoja huchagua jozi yake: fulani na fulani. Wajapani huita jambo hilo kappuringu, neno walilolitoa kwa Waingereza wakalivika kanzu ya lugha yao. Watoto wetu huku husema wana "shipu" yao. Nilipolisikia neno hilo kwanza nilidhani habari ni za meli. Mjukuu wangu akanieleza kwamba ni mkato wa neno la Kiingereza lenye maana ya uhusiano. Na hadithi hii ilifaa sana kwa mabishano hayo, kwani tangu mwaka 2001 katuni ya kwanza ilipokoma, hadi vitabu vilipokamilika mwaka 2006, mtazamaji aliyeijua katuni tu aliachwa bila kuambiwa Tohru atamchukua nani.

Nilipoendelea kuwasikiliza wale mashoga watatu Jumamosi baada ya Jumamosi, nilianza kuyasikia maneno yao kwa sikio la kazi yangu ya zamani. Aliyemtaka Yuki alisema mtu hapimwi kwa mapenzi bali kwa namna anavyosema na wewe akiwa amekasirika. Aliyemtaka Kyo alijibu kwamba Yuki humficha Tohru huzuni zake, na asiyekuonyesha huzuni zake hajakukaribisha nyumbani. Mmoja akauliza kama mtu aliyelelewa kwa kuteswa, kama Yuki alivyoteswa utotoni na mkuu wa ukoo, anaweza kuwa mume kabla hajapona. Mwingine akasema mke si dawa. Wallahi, wapenzi wasomaji, nimekaa katika vikao vya posa ambavyo hayakutajwa hata robo ya hayo. Tuliuliza ukoo, tukauliza kazi, tukauliza makaratasi ya kuishi nchini.

Sisemi kwamba yote niliyoyaona yalinipendeza. Mama yake Tohru aliolewa na kijana aliyekuwa akifanya mazoezi ya ualimu katika shule yake, na walifahamiana yeye angali mwanafunzi. Hapo nilisimamisha picha, nikamweleza mjukuu wangu, kama nilivyowaeleza walimu wapya kwa miaka mingi, kwamba mwanafunzi ni amana na amana hailiwi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hata sisi hatuipendi jozi hiyo, Bibi." Laiti ningemnyang'anya simu nisingepata nafasi ya kusema hayo, wala nisingejua kwamba wao wenyewe walikwisha kulijadili.

Nikakumbuka ujana wangu Unguja. Sisi nasi tulikuwa na jozi zetu. Tukienda sinema, maonyesho ya wanawake watupu, na mama zetu na shangazi zetu na mabuibui yao, na filamu za Kihindi zilizokwisha kuzeeka lakini zikajaza viti. Sangam, iliyotoka mwaka 1964, ilitugombanisha mtaa mzima. Raj Kapoor anampenda Radha. Radha anampenda Rajendra Kumar. Na huyo, kwa kumpenda rafiki yake, ananyamaza na kumwachia. Tulirudi nyumbani tukibishana hadi magharibi nani alistahili. Shangazi yangu mmoja, ambaye hakusoma shule, ndiye aliyesema neno lililobaki kichwani mwangu: kwamba wanaume wawili wale waliachiana mwanamke kama watu wanavyoachiana kiti, na hakuna aliyemwuliza kiti.

Tulicheka. Kisha tukakua, tukaolewa, tukawa wazazi, na mimi nikasahau.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito. Binti yangu alipokuwa na miaka 22, alipata wachumba wawili katika mwaka mmoja. Wa kwanza hakuwa na kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu, lakini alimjua binti yangu tangu darasa la Kurani, na nilimwona mara moja akimsubiri mvuani kumrudishia kitabu. Wa pili alikuwa na shahada, adabu za kupendeza, na ukoo ambao marehemu mume wangu aliujua tangu kwao. Mimi na baba yake tulikaa tukaamua. Mahari yalipokwisha kutajwa, nikaenda chumbani kwake nikamwambia, "Mwanangu, wasemaje?" Akainama, akanyamaza. Nikatoka nikasema amekubali.

Dini yetu imeweka wazi kwamba binti huulizwa kabla ya kuozwa, na ukimya wa mwanamwali umehesabiwa kuwa ridhaa kwa kuzingatia haya yake. Hiyo ni rehema kwake. Sisi tuliigeuza kuwa njia ya mkato kwetu. Nilimfundisha tangu utotoni kwamba mtoto mwema hajibizani na wakubwa, kisha siku ya kumwuliza nikauhesabu ukimya wake kuwa jibu, wala sikuwa nimemfundisha namna ya kutoa jibu jingine. Ndoa ile ilivunjika mtoto wao hajatimiza miaka mitatu. Yule bwana hakuwa mtu mbaya, na sitamsema hapa. Binti yangu hakunilaumu hata siku moja. Alipunguza tu maneno, mwaka hadi mwaka, mpaka tukawa tunazungumza habari za mabasi na bei ya mchele.

Katika katuni hii ipo sehemu ambayo Tohru anakumbuka mchezo wa watoto wa chekechea, ndio ulioipa hadithi jina lake. Kila mtoto hupewa jina la tunda, na jina lako likiitwa unanyanyuka. Tohru alipopewa jina na watoto wakorofi, walimwita tonge la wali. Akafurahi, akakaa akingoja kuitwa, matunda yakaitwa yote, na yeye akangoja, kwani katika kapu la matunda hapana tonge la wali. Usiku tuliotazama sehemu hiyo binti yangu alikuwa amekuja mapema kumchukua mtoto. Alisimama mlangoni na koti lake mwilini. Nilipogeuka nilimwona akitazama skrini, naye hakutikisika hata picha ilipokwisha.

Nikamwambia, "Kaa kidogo." Akakaa ukingoni mwa kiti. Mjukuu wangu, kwa furaha ya kupata msikilizaji mpya, akamweleza kisa chote cha panya na paka. Alipomaliza, nikamwuliza binti yangu, "Na wewe, ungemchagulia yupi?"

Akainama, akanyamaza.

Naungama mbele yenu kwamba ulimi wangu ulikwisha kufunguka niseme, kwa mazoea ya maisha yangu yote, "Mama yako anamtaka Yuki." Nikauzuia. Nikangoja. Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Nikaendelea kungoja, na hapo nikafahamu kwamba mara ile ya kwanza sikungoja hata muda wa kufunga mlango.

Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Paka." Kisha akasema, "Mama, zamani zile hukungoja."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba nilikosea, na nikamwomba radhi mbele ya mwanawe. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alifunga vifungo vya koti, wakaenda zao. Lakini Ijumaa iliyofuata alikuja kabla ya wakati, ameleta mkate wa ufuta, akauliza, "Mmefika sehemu ya ngapi?"

Tuliimaliza watatu. Kwa wasioijua, sitaficha mwisho: Tohru anamchukua Kyo, na Yuki anatambua kwamba alichokuwa akikitafuta kwa Tohru ni mama ambaye hakupata, si mke, naye anampata msichana mwingine wa shuleni kwao, Machi, aliyezoea kuishi peke yake moyoni kama yeye. Shoga wa mjukuu wangu aliyemtaka Yuki alilia, kisha akasema haki imetendeka.

Wazazi wenzangu, sikuandika haya ili muwaachie watoto skrini usiku na mchana. Zipo katuni zisizowafaa, na asiyekaa nao kutazama hatazijua ni zipi. Lakini mkiwasikia wakibishana nani amchukue nani, kabla ya kuwakemea, ketini kidogo msikilize wanachokipima. Huenda siku moja mkakihitaji.

Mjukuu wangu ana miaka mingi mbele yake, In shaa Allah, kabla mtu yeyote hajabisha hodi kwa ajili yake. Siku hiyo ikifika nami ni hai, nimemwahidi mama yake kwamba nitauliza swali langu, kisha nitakaa kitini na kungoja.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullah.