Uyoga Unaopikwa kwa Ajili ya Meno

Nilimtumia mama picha ya chakula changu cha mchana hapa Harbin, China, akapiga simu papo hapo. "Hivyo si vile vitu vinavyoota kwenye magogo? Nani amekuruhusu kula?" Imeniuma, kwa sababu hakuna sahani ninayoipenda huku kuliko hiyo.

Ni uyoga mweusi, mwembamba, uliojikunja kama sikio. Huuzwa mkavu, na konzi moja ikilowekwa hujaza bakuli zima. Mama mpishi wa kantini yetu huuosha mchanga, huuchemsha dakika chache, huutumbukiza kwenye maji baridi, kisha huuchanganya na siki nyeusi, sosi ya soya, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili, majani ya giligilani na mafuta ya ufuta. Wenyewe hauna ladha ya kutajika. Raha yake ni ule mlio mdomoni, kru, kru. Kwetu chakula kikilia hivyo kinarudishwa jikoni!

Na si kitu cha kuokotwa tu. Kule Dongning, mpakani na Urusi, wanaulima: mifuko ya plastiki imeshindiliwa vumbi la mbao, ikachanjwa chale, ikapangwa shambani safu baada ya safu, na uyoga unachomoza kwenye hizo chale. Zamani walitumia magogo ya mwaloni.

Magogo yapo hata kwetu Kakamega, na uyoga wa jamii hiyo hiyo huota msituni mvua ikinyesha. Utotoni tuliubandua tukauchezea. Marehemu kukhu, bibi yangu, alijua kila uyoga wa kichuguu, akaupika na karanga hadi ukalegea kabisa, lakini wa kwenye mti ulikuwa mwiko. Ninamwelewa, kuna nyumba zilizofiwa kwa sababu ya uyoga. Kinachonikera ni kwamba ujuzi wake wote uliishia kichuguuni, na sisi wajukuu hatukuuendeleza hata hatua moja.

Sumu wanaijua huku pia. Oktoba 2020, mjini Jixi, mkoa huu huu, watu 9 walikufa baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachishwa. Iliyowaua ni asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Bakteria hao huweza kuzaliana hata kwenye uyoga mkavu ukilowekwa muda mrefu mahali penye joto. Ndiyo maana mama mpishi huloweka wa kutosha mlo mmoja, na akiukuta unateleza au unanuka, anautupa. Hofu yao imewafundisha namna ya kupika. Hilo ndilo nililotaka kumweleza mama, salio likaisha.

Halafu kuna uyoga mweupe, ambao nao huota kwenye miti. Huo huchemshwa taratibu kwa saa kadhaa pamoja na tende za Kichina, mbegu za yungiyungi na sukari ya mawe, mpaka mchuzi wenyewe unate. Hapo hakuna mlio wowote, ni ulaini mtupu. Kukhu angeupenda, ingawa angeuliza chumvi iko wapi.