Misumari yangu na klore ya ziwa

Leo nawasimulia kosa langu mwenyewe.

Kuna juma moja ambalo wale wanaotia klore ndani ya bidoni, pale tunapovuta maji ya Ziwa Kivu, hawakuonekana. Hapa Goma kila mtu anajua kinachofuata: kipindupindu. Nilikuwa nimesikia kwamba umeme ukipita ndani ya maji ya chumvi unatoa klore. Nikachukua betri ya pikipiki, misumari miwili na chumvi ya jikoni. Povu likatoka, nikafurahi. Jioni maji yalikuwa ya kahawia kama tope, na msumari mmoja ulikuwa umeliwa nusu.

Jirani yangu, mama aliyekimbia vita na watoto wanne, alitazama ndoo akaniuliza: “Papa, hii ni dawa ya maji ao ni kutu?”

Ilikuwa kutu. Nikamwaga.

Nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba shida hiyo inawasumbua hata wataalamu. Wanaotafuta haidrojeni, gesi inayoweza kuwaka badala ya mafuta, wangependa kuitoa katika maji ya bahari kwa sababu ni mengi. Lakini kloridi iliyo katika chumvi inakula elektrodi, yaani kile chuma kinachoingiza umeme majini, hasa ile ya upande wa chanya. Mwaka 2019 Hongjie Dai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu na maji ya ghuba ya San Francisco. Bila kinga, elektrodi ilidumu saa 12 hivi. Walipoipaka tabaka lenye chaji hasi, linalosukuma kloridi mbali, ilipita saa 1,000.

Wao wanaikimbia klore, sisi tunaitafuta. Lakini wote tunahitaji chuma kisicholiwa. Vifaa halisi vya kutengeneza klore kwa chumvi vina elektrodi za titani zilizopakwa kinga, na klore yake hupimwa kabla ya kutiwa majini. Haidrojeni nayo hutoka, ndiyo maana vinawekwa penye hewa, mbali na moto.

Basi klore ikikosekana, musijaribu misumari. Muchemshe maji mpaka yatokote.

Yule mama alichemsha. Alitumia makaa aliyoweka kwa kupikia chakula cha usiku. Watoto walilala njaa, lakini hawakuugua.