Barua kwa Mpwa Anayemaliza Shule

Mwanangu,

Shangazi yako amesikia kwamba nyumbani wameshaamua: ukimaliza Kidato cha Nne urudi ukae na mama, kwa kuwa mtu wa kiti mwendo hawezi kupanga chumba mjini. Hakubaliani nao, na sababu yake ni kisa hiki.

Ed Roberts wa California, Marekani, aliugua polio mwaka 1953, akiwa na miaka 14. Ilimwacha amepooza kuanzia shingoni, isipokuwa vidole vichache, na usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Alipofika mwisho wa sekondari, wakuu wa shule walitaka kumnyima cheti kwa sababu hakusoma udereva wala mazoezi ya viungo. Mama yake, Zona, alipigana mpaka kikatolewa. Idara ya serikali ya jimbo iliyosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ikasema huyu hataajirika kamwe. Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mabweni hayakufaa kwa ile mashine, basi akapewa chumba katika hospitali ya chuo.

Wengine wenye ulemavu wakamfuata, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Vijana hao walichagua wasaidizi wao wenyewe. Roberts hakungoja aweze kufunga kifungo cha shati ndipo awe mtu mzima: aliamua nani amvishe, saa ngapi, na nguo ipi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifungua mjini Berkeley kituo cha maisha ya kujitegemea, wakitafutiana nyumba na wasaidizi na kutengeneza viti vilivyoharibika. Mwaka 1975 gavana akamteua kuongoza idara ileile iliyomkataa.

Wala si Marekani tu: hapa Iringa, karakana ya Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye ukaja mgahawa wenye wahudumu viziwi, mteja akiandika anachotaka kula.

Nchini kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao wana ulemavu. Lakini sheria haibishi hodi nyumbani kwa mtu. Nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, uulize pia kuhusu asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Baba akitaka kukusemea, mwombe kwa heshima akusubiri nje.

Na unapokuwa nyumbani, mama yako anakuogesha kwa mapenzi, bila kuuliza maji yawe moto au baridi. Anza hapo: mwambie unavyotaka, na umwelekeze binamu yako namna ya kukuinua kitandani, maana mjini utamwelekeza mtu usiyemjua.

Kuna chumba Kihesa, hapa Iringa, cha chini, mwenye nyumba amekubali kuvunja ngazi aweke mteremko. Shangazi hajakilipia. Njoo likizo hii na futi kamba, upime mlango na choo, kisha useme kama unakitaka.

Shangazi yako